Mita ya elfu kumi na tano: ipime nini, isiguse nini

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Niko Morogoro. Nimenunua mita ya kupimia umeme, ile ndogo ya njano, kwa shilingi 15,000. Kwanza, nikiiweka upande wa omu inaonyesha 1 tu pembeni mwa kioo hata kabla sijagusa kitu. Nimeuziwa mbovu? Pili, kaka yangu anasema mita za bei hiyo hulipuka mkononi, niitupe nitafute ya laki moja na nusu. Tatu, nilichoinunulia hasa ni betri ya sola. Zamani ilituwashia taa na tivii mpaka saa tano usiku, sasa saa mbili imeshazima. Muuzaji anataka ninunue nyingine. Nitajuaje kama kweli hii imekufa?"

Marahaba, dada. Mita yako ni nzima, kaka yako kasema nusu ya kweli, na betri usinunue kwanza.

Hiyo 1 inawasumbua wengi wanaoanza. Kioo cha mita za aina hii mwisho wake ni kuandika 1999. Kikikutana na kitu kinachozidi nafasi uliyochagua kwenye swichi ya kuzungusha, hakina pa kukiandika, basi kinaacha 1 peke yake upande wa kushoto. Maana yake ni "imezidi", wala si moja ya kuhesabu. Sasa wewe uko kwenye omu (kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita), ncha zako mbili ziko hewani, na hewa haipitishi umeme. Ukinzani wake hauhesabiki kwa mita hii wala kwa ile ya laki moja na nusu. Weka swichi kwenye 200 ya omu, kisha zigusanishe ncha mbili. Kioo kitashuka mpaka 0.5 au hapo karibu. Huo ni ukinzani wa nyaya za mita yenyewe, na utautoa kila unapopima kitu kidogo. Ukigusanisha ncha na 1 ikabaki palepale, waya mmoja umekatika, mara nyingi pale unapoingilia kwenye plagi yake. Uchezeshe hapo uone kama namba inarukaruka.

Nina hakika usoni pameandikwa DT-830 na herufi fulani mwishoni. Hilo si jina la kiwanda. Ni umbo ambalo viwanda vingi vya China vinalitoa kila kimoja kwa namna yake, ndiyo maana mbili za jina moja kutoka maduka mawili ya Kariakoo zinaweza zisifanane kabisa ndani. Kwa hiyo kabla ya kuiamini, ifungue. Toa nyaya kwanza, halafu fungua skrubu mbili za nyuma. Utaona betri ya volti 9, utaona fyuzi ndogo ya kioo (kama kishikio chake ni kitupu, hapo muuzaji ana maswali ya kujibu), na utaona kipande cha waya mnene usio na ganda, umekunjwa kama daraja dogo. Kiangalie vizuri hicho kidaraja, kwa sababu ndicho kinachofanya mita hizi zisemwe vibaya.

Mita ina matundu matatu. COM ni la waya mweusi, siku zote. Lililoandikwa VΩmA ni la waya mwekundu, karibu siku zote. La tatu ni 10A. Ukipima volti, umeme unaingia kupitia ukinzani mkubwa sana, kama omu milioni moja kwenye mita za aina yako, kwa hiyo kinachopita ni kidogo mno. Lakini tundu la 10A limeungwa na COM kwa kile kidaraja, yaani waya mtupu. Ukisahau waya mwekundu humo kisha ukapima soketi, hujapima chochote. Umeunganisha moto (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) kwa kipande cha chuma. Na kwenye mita nyingi za bei hii njia hiyo haina fyuzi kabisa. Pembeni mwa tundu wameandika wenyewe UNFUSED.

Haya sikuyasoma kitabuni. Nikiwa bado najifunza kazi nilipima chaji ya gari kwa ampea, nikaacha waya mwekundu kwenye 10A, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikataka kupima volti za betri ileile. Swichi nikaizungusha vizuri kabisa kwenye volti, waya sikuugusa. Ncha ilipofika kwenye kichwa cha betri ikatoa cheche kama ya kuchomelea na kung'ang'ania palepale, ganda la waya likaanza kuyeyuka mkononi mwangu. Betri ya gari inaweza kusukuma mamia ya ampea kwenye shoti. Niling'oa waya kwa teke. Mwalimu wangu hakusema neno, aliniletea soloteipu tu.

Nawe fanya hivyohivyo: ziba tundu la 10A kwa soloteipu leo. Nyumbani huna kazi nalo. Siku ukihitaji kweli kupima ampea, kule kuibandua soloteipu kutakukumbusha unachofanya.

Jambo la pili ni mazoea zaidi kuliko ufundi. Kabla ncha hazijagusa kitu, sema kwa mdomo namba unayoitegemea. Nasema kwa mdomo, hata kama watoto watacheka. Ukitegemea volti 12 za betri, swichi iende 20 upande wa V yenye mstari ulionyooka na vidoti chini yake, ndiyo DC. Ukitegemea 230 za ukutani, iende 750 (kwenye mita nyingine ni 600) upande wa V yenye kiwimbi, ndiyo AC. Usipoweza kubashiri, anza na nafasi kubwa ushuke. Ukishaisema namba, kioo hakiwezi kukudanganya kirahisi. Umetegemea 12 ukaona 0.00, unajua hapo hapo kwamba umekosea upande au ncha haijagusa vizuri. Asiyetegemea kitu huamini chochote anachokiona.

Omu ni kwa kitu kilichochomolewa tu. Pasi ikiwa ukutani usiiguse kwa omu hata kidogo.

Na pasi ndiyo darasa zuri la kuanzia. Chukua pasi yako, ichomoe, iache ipoe. Geuza usome kibati chake. Tuseme kimeandikwa 1000 W. Zidisha 230 kwa 230, gawa kwa 1000, unapata kama 53. Hiyo ndiyo namba ya kusema kwa mdomo. Weka swichi kwenye 200 ya omu, zungusha kirekebisha joto cha pasi mpaka juu (ukikiacha kwenye kuzima utapata 1 na kuilaumu pasi bure), kisha gusa pini mbili za chini za plagi. Ukiona 50, 53, 55, pasi ni nzima. Kama haipati moto, ubovu uko kwenye soketi. Ukiona 1, angalia kwanza fyuzi iliyo ndani ya plagi. Ikiwa nzima, zishike ncha palepale huku mtu mwingine akiukunja waya taratibu, kuanzia kwenye plagi mpaka unapoingilia kwenye pasi. Namba ikiruka ghafla kutoka 1 hadi 53 na kupotea tena, hapo ndipo waya ulipokatikia. Kwenye pasi huwa karibu na mpini, unapokunjwa kila siku. Unanunua waya mpya badala ya pasi mpya.

Malizia kwa kupima kati ya pini nene ya juu, ile ya ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja), na kila moja ya zile mbili, swichi ikiwa kwenye 2000k. Hapo unataka kuona 1. Ukiona namba yoyote, umeme unavujia kwenye bati la pasi, na hiyo pasi haipigi nguo tena mpaka ifunguliwe. Kisha gusa pini hiyo ya ethi na bati lenyewe, swichi ikiwa 200: utegemee karibu na sifuri. Likitoka 1, waya wa ethi umekatika, na siku umeme ukivuja hautakuwa na njia nyingine zaidi ya mwili wako.

Birika la umeme la wati 2000 hesabu yake ni ileile, utapata kama 26. Balbu ya zamani ya waya mwekundu ndani itakuchanganya. Hesabu ya wati 60 inasema 882, lakini kioo kitasema sitini na kitu au sabini, kwa sababu ule waya ukiwa baridi ukinzani wake ni mdogo mara nyingi kuliko ukiwaka. Balbu za LED, chaji ya simu na tivii usizipime kwa njia hii, hazikupi jibu la maana.

Sasa maneno ya kaka yako. Usoni mwa mita nyingi kuna maandishi ya CAT II au CAT III. Hizo ni ngazi za kiwango cha kimataifa, IEC 61010. Ya II ni kwa vitu vinavyochomekwa kwenye soketi. Ya III ni kwa nyaya za ndani ya jengo na boksi la meni swichi. Ya IV ni kule umeme unakoingilia, kwenye waya wa kutoka nguzoni na mita ya LUKU. Volti ni zilezile 230, tofauti ni nguvu iliyoko nyuma yake. Kadiri unavyokaribia nguzo, ndivyo shoti inavyokuja na ampea nyingi zaidi, na ndivyo mruko wa volti wa ghafla, kama wa radi, unavyofika ukiwa bado na nguvu. Mita iliyotengenezwa kustahimili hayo ina fyuzi nene za kauri zilizojazwa mchanga, kuta ndani ya plastiki yake, na nyaya zenye ganda zito. Yako ina fyuzi ya kioo na nyaya kama za spika. Kuandika CAT III juu ya plastiki ni wino tu.

Kwa hiyo boksi la meni swichi usilifungue na mita hii. LUKU wala usiisogelee, hiyo ni ya TANESCO. Usiingize ncha ndani ya maikrowevu hata ikiwa imechomolewa. Mle ndani mnapita maelfu ya volti na kapasita yake hubaki na chaji. Vilevile tivii iliyofunguliwa: kapasita kubwa ya upande wa umeme hukaa na volti kama 325.

Soketi ya ukutani iko katikati ya ruhusa na katazo, na maoni yangu ni uiache. Soketi zetu za matundu matatu ya mraba zina vifuniko ndani vinavyofunguka pini ya ethi ikiingia, na watu wamezoea kuvisukuma kwa bisibisi au kijiti ili ncha za mita ziingie. Unajikuta mikono miwili ina kazi tatu, na moja kati ya hizo ina moto. Kama unachotaka ni kujua tu umeme ni volti ngapi jioni friji inapohangaika, nunua kile kifaa cha kulinda friji chenye namba kwenye kioo. Unachomeka, unasoma. 225 au 238 si tatizo. Ukiona 180, chomoa friji.

Fundi anayepima soketi mbele yako anatafuta hivi: moto uko tundu la chini kulia ukiwa umeitazama soketi, nyutro kushoto, ethi juu. Moto na nyutro 230 hivi, moto na ethi vilevile, nyutro na ethi sifuri au volti chache. Akipata kitu kama 70 kati ya moto na ethi, waya wa ethi unaelea, haujafungwa popote. Lakini akipata 230 na kukwambia "ethi iko poa", mwulize zaidi. Mita inavuta umeme kidogo kiasi kwamba hata waya uliooza umebaki unyuzi mmoja utaonyesha 230 nzuri tu, na siku ya shoti unyuzi huo hautabeba kitu. Ethi hupimwa kwa kifaa chake maalumu.

Nimerefusha huko kwa sababu ya usalama. Betri ya mita nitaimaliza kwa maneno machache. Mita hizi nyingi hazijizimi zenyewe. Ukisahau kuizima, betri inaisha bure. Ikianza kuchoka haikwambii "sijui", inakupa namba kubwa kuliko ukweli, na mtu anaweza kuishangilia betri ya sola yenye volti 13.5 wakati ni 12.2. Nunua betri kavu mpya ya tochi, ipime: utegemee 1.5 hadi 1.6. Ukiona 1.9, badilisha ile ya volti 9 kabla ya kuendelea.

Na kama siku moja utaongeza pesa, usikimbilie laki moja na nusu. Tafuta yenye mlio wa kupimia waya uliokatika, yenye fyuzi kwenye tundu la 10A, na nyaya nene zenye ncha zilizovikwa plastiki ikabaki pua fupi tu. UNI-T wana za namna hiyo, na hupati hasara ukiiacha hii ya sasa kwenye droo ya jikoni kwa ajili ya betri za rimoti.

Haya, betri ya sola. Nachukulia ni ya asidi, volti 12. Kama ni ya lithiamu namba zifuatazo hazikuhusu, maana hiyo hukaa 13.2 au 13.3 muda mwingi, iwe imejaa au iko nusu.

Anza mchana, saa sita, jua kali. Swichi kwenye 20 ya DC, ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Gusa vichwa vya risasi vyenyewe, si vibanio. Betri inayopata chaji vizuri itakuwa imepanda hadi 14 na kitu kabla ya alasiri. Ikiwa saa nane imekwama 12.5, chaji haifiki, na betri mpya haitakusaidia. Toa paneli kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri (paneli hutoka kwanza kabla ya betri), upime ncha zake juani. Paneli ndogo inayoitwa ya volti 12 hutoa 20 hadi 22 ikiwa haijafungwa kitu. Hapa ile 1 yako itarudi ukiiacha swichi kwenye 20, peleka 200. Kama ziko 21 kamili lakini chaji bado ni kidogo, panda ufute vumbi, na utazame kama mwembe wa jirani haujarefuka tangu mwaka juzi. Kivuli cha tawi moja kinatosha kuiangusha paneli.

Jioni jua likizama, zima kila kitu, subiri kwa muda wa saa mbili, pima tena. 12.6 au 12.7, imejaa. 12.2, ni nusu. 11.8, ni tupu. Ikiwa ilipata chaji siku nzima na bado iko 10.5, seli moja kati ya sita imekufa: kila moja hubeba kama 2.1, na ndiyo iliyokosekana. Hapo muuzaji yuko sahihi.

Ikiwa jioni iko 12.6, washa tivii na taa huku ncha ziko palepale. Kushuka hadi 12.3 na kutulia ni kawaida. Kuporomoka hadi 11 ndani ya dakika chache ni betri iliyojaa juujuu, mabamba yake yameshachoka.

Lakini kabla hujampigia muuzaji, fanya kipimo kimoja ambacho karibu hakuna anayekifanya. Tivii na taa zikiwa zinawaka, shusha swichi kwenye 2000m ya DC (hapo unasoma milivolti, na elfu moja ni volti moja). Ncha moja igandamize katikati ya kichwa cha risasi cha chanya, nyingine kwenye kibanio kilichokishika kichwa hichohicho. Ni chuma na chuma vinavyogusana, kwa hiyo sema kwa mdomo: karibu na sifuri. Ukisoma 10 au 20, sawa. Ukisoma 400 au 800, karibu nusu volti au zaidi inapotelea kwenye ule unga mweupe na kijani uliojificha chini ya kibanio, na kontrola inadhani betri imeisha. Rudia upande wa hasi. Dawa yake ni kufungua vibanio, maji ya moto yenye baking soda, msasa, kukaza, na kupaka mafuta ya mgando juu.

Ukishasafisha, ipe siku moja kamili ya jua, kisha rudia kipimo cha jioni. Kama bado inaporomoka, mwite muuzaji aje na mita yake apime mbele yako, tivii ikiwa inawaka, si ikiwa imezimwa.